Ahadi ya glibc inaangalia nyuma tu: uhakiki kutoka Mugunga



Leo sihakiki riwaya wala wimbo. Nataka kuhakiki kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku bila kukitaja jina: maktaba ya C ya mradi wa GNU, ile inaitwa glibc. Ukiwasha kompyuta yenye Debian, Ubuntu ao Fedora, karibu kila programu inayoanza inapitia kwayo kwanza. Ikitaka kufungua faili, inaomba glibc. Ikitaka kujua saa, inaomba glibc. Ikitaka hata kuandika neno moja kwenye skrini, ni hivyo hivyo.

Mtu atauliza: maktaba ya programu inahakikiwa namna gani? Kama kazi nyingine yoyote ya mikono ya watu. Kuko watu walikaa, wakachagua hiki, wakaacha kile. Na mahali kuko uchaguzi, tuko na haki ya kuuliza: wakati wa kuchagua, walimfikiria nani?

Nianze na aibu yangu, juu ndiyo iliyonisukuma kusoma.

Shule moja hapa Mugunga, upande wa barabara ya Sake, iliniomba niwatengenezee programu ya kupanga alama za wanafunzi. Kompyuta yao ni moja tu, ya okazioni, iliyofanya kazi Ulaya miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Ndani iko Ubuntu 18.04. Alama za miaka minne zote zilikuwa mle. Na mnaijua Mugunga: watoto wengi wa ile shule walitoka kambini, wengine wamekimbia mara mbili, mara tatu. Buletini za karatasi zilibaki njiani ao zililowa mvua. Kwa baadhi yao, ushahidi pekee kwamba walimaliza darasa la tano ni mstari mmoja ndani ya ile mashine.

Nikaandika programu kwa C nyumbani, kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu 22.04. Ikakompili vizuri, ikatembea vizuri. Nikaiweka kwenye fleshi, nikaenda shuleni nikijiona fundi. Kule ikakataa kata kata. Ujumbe ulisema toleo GLIBC_2.34 halikupatikana.

Nikawaza haraka, kama mtu mwenye haraka: kama inataka maktaba mpya, nitaipatia maktaba mpya. Nikachukua faili libc.so.6 kutoka laptopu yangu, nikainakili juu ya ile ya kompyuta ya shule. Dakika hiyo hiyo kila kitu kikafa. Amri ya kuorodhesha faili, ikakataa. Amri ya kunakili ili nirudishe ya zamani, nayo ikakataa, juu nayo ni programu kama nyingine, inahitaji ile ile maktaba niliyoiharibu. Nikazima, nikawasha. Haikuinuka tena.

Mama direkta alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

“Kijana wangu, alama za watoto ziko wapi?”

“Ziko ndani, mama. Zimefungiwa tu.”

“Na ufunguo uko na nani?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi kesho yake na fleshi ya Ubuntu 18.04, nikawasha mashine kupitia fleshi, nikafungua diski yake, nikarudisha faili sahihi. Mashine ikaamka na alama zote zikiwa salama. Lakini ule usiku mmoja sikulala. Nakala ya akiba haikuwepo. Kama diski ingekuwa imeguswa mahali pengine, kuko watoto wangepoteza darasa zima juu ya haraka yangu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Ile alama 2.34 ni nini?

Programu yangu haikutumia kitu chochote kipya. Ilisoma faili, ikajumlisha, ikaandika. Kazi hizo zote ziko kwenye glibc tangu zamani. Sasa juu ya nini idai toleo la mwaka 2021?

Jibu liko katika namna glibc inavyoweka alama za matoleo. Kila kazi inayotolewa na maktaba iko na jina na toleo pembeni. Tabia ya kazi ikibadilika kiasi cha kuweza kuumiza programu za zamani, watunzaji hawaifuti ile ya zamani. Wanaiacha na toleo lake, wanaongeza ya pili yenye jina lile lile na toleo jipya. Programu ya zamani inaendelea kupata ya zamani. Programu inayokompiliwa leo inapewa mpya.

Toleo la glibc 2.34 lilitoka Agosti 2021. Ndani yake, maktaba ndogo zilizokuwa pembeni, kama libpthread na libdl, ziliingizwa ndani ya maktaba kubwa. Pia ile kazi ya kuanzisha kila programu, `__libc_start_main`, ilipewa toleo jipya. Kila programu ya C inaanzia hapo, hata ile inayoandika “jambo” tu na kumaliza. Kwa hiyo programu yoyote iliyokompiliwa kwa namna ya kawaida kwenye glibc 2.34 kwenda juu itakataa kutembea kwenye 2.33 kwenda chini. Ubuntu 22.04 iko na 2.35. Ubuntu 18.04 iko na 2.27. Ndiyo maana.

Nianze na sifa, juu zinastahili

Mhakiki asiyeona uzuri wa kazi anaandika malalamiko, haandiki uhakiki. Kwa hiyo niseme wazi: kwa upande mmoja, glibc inatimiza ahadi yake kuliko kazi nyingi ninazozijua.

Mwaka 1997, wakati wa glibc 2.0, jina la faili lilikuwa libc.so.6. Leo bado ni libc.so.6. Kwenye prosesa za biti 64 za Intel na AMD, toleo la chini kabisa ni GLIBC_2.2.5, na programu iliyokompiliwa wakati huo bado inapata kazi zake leo. Miaka zaidi ya ishirini! Hapa kwetu, ambapo lava imefuta mitaa mizima mwaka 2002 na ikarudi tena mwaka 2021, kitu kinachodumu miaka ishirini bila kubadili jina kinastahili heshima.

Na hata wakati walikosea, mfumo wa alama za matoleo uliwasaidia kurekebisha. Mwishoni mwa 2010 watu wenye Fedora 14 walianza kusikia sauti imeharibika katika Flash, ile programu ya kuangalia video kwenye intaneti. Sababu ilikuwa `memcpy`, kazi ya kunakili kumbukumbu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ilikuwa imeandikwa upya ili iwe na mbio kwenye prosesa mpya, na wakati mwingine ikanakili kwa kurudi nyuma. Kanuni ya C inasema usitumie `memcpy` kama sehemu mbili zinapishana. Flash ilikuwa inaitumia hivyo hivyo. Kisheria, kosa lilikuwa la Flash. Lakini Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipinga hoja hiyo. Kwake mtumiaji hana shida na kanuni. Anachoona ni kwamba jana sauti ilikuwa nzuri, leo ni mbaya.

Katika toleo 2.14, mwaka 2011, watunzaji waliipa `memcpy` toleo jipya. Programu za zamani zikarudishiwa tabia salama, mpya zikapata ile yenye mbio. Huo ni uamuzi mzuri, na hapo njo ninapoona ubinadamu ndani ya kazi hii. Walikubali kwamba kuwa sahihi kwenye karatasi hakutoshi kama mtu ameumia.

Kosa la kwanza: ahadi iko na upande mmoja

Lakini angalieni vizuri ahadi hiyo inamlinda nani. Inamlinda mwenye programu ya zamani anayehamia mfumo mpya. Mwenye mfumo wa zamani anayeletewa programu mpya, haimlindi hata kidogo. Na sisi, kwa sehemu kubwa, ni hao wa pili.

Ukiwa katika mji ambapo kompyuta inabadilishwa kila miaka mitatu, huoni tofauti. Kwetu, mashine inabaki kazini mpaka skrini inapasuka. Kusasisha mfumo mzima ni kupakua giga nzima nzima kwa mega za kununua, huku umeme ukiweza kukatika katikati. Programu ndio inakuja mpya, juu programu iko ndogo na inabebwa kwa fleshi. Mfumo ndio unabaki wa zamani.

Mtu wa glibc atajibu: hatuwezi kuahidi yajayo, maktaba ya 2018 haiwezi kujua kazi za 2021. Ni kweli. Lakini mimi sikuomba hilo. Programu yangu haikutaka kazi za 2021. Nilichotaka ni kuweza kuambia kompaila hivi: “nikompilie programu itakayotembea kwenye 2.27.” Na glibc yenyewe haina njia rasmi ya kusema hivyo. Inakupa toleo jipya la kila kazi bila kukuuliza.

Je, haiwezekani? Inawezekana. Kwenye kompyuta za Apple, mtengenezaji wa programu anataja toleo la chini analotaka kuhudumia, na zana zinamfuata. Hata kwa glibc yenyewe, watu wa lugha ya Zig walifanya: kompaila yao inakubali utaje toleo la glibc, kwa mfano x86_64-linux-gnu.2.17, na inakuunganishia programu kana kwamba uko kwenye mfumo wa wakati ule. Mradi mwingine umeonyesha kwamba taarifa zote zinazohitajika zipo. Kwa hiyo kutokuwepo kwa njia hiyo ndani ya glibc ni suala la kipaumbele. Hapo njo uhakiki wangu unasimama.

Na msidhani ni maskini tu wanaumia. Node.js toleo 18, mwaka 2022, faili zake rasmi zilianza kudai glibc 2.28, na wenye CentOS 7 na Ubuntu 18.04 wakabaki nje. Mwanzoni mwa 2024, VS Code ilidai 2.28 pia kwa kazi ya kuunganisha seva za mbali. Kelele zikawa nyingi mpaka Microsoft ikaongeza muda wa mwaka mmoja. Tofauti kati yao na sisi ni kwamba kelele zao zilisikika.

Kosa la pili: prosesa nayo inahukumiwa

Mlango mwingine wa kufungiwa nje uko chini zaidi, kwenye prosesa. Tangu 2020, prosesa za biti 64 za familia ya Intel na AMD ziligawanywa katika ngazi: ya kwanza ni ile ya mwanzo kabisa, halafu v2, v3 na v4. Core 2 Duo, ambazo bado ziko nyingi katika ofisi na shule zetu, hazifiki v2. Ili kufika v3, prosesa lazima iwe na maagizo ya AVX2, ambayo Intel ilianza kuyaweka mwaka 2013, tena si katika prosesa zake zote za bei ndogo.

Glibc yenyewe, kwa haki, ilishughulikia jambo hili kwa akili. Iko na utaratibu wa kuangalia prosesa wakati programu inaanza, halafu inachagua `memcpy` inayofaa mashine ile. Tena kuanzia 2.33, mwaka 2021, unaweza kuweka nakala kadhaa za maktaba moja katika folda za glibc-hwcaps, moja kwa kila ngazi, na mfumo unachukua inayofaa. Maana yake inawezekana kuhudumia mpya na ya zamani pamoja, bila kumfukuza yeyote.

Lakini anayekompili ndiye mwenye neno la mwisho. Red Hat ilikompili toleo lake la 9, mwaka 2022, kwa v2 kwenda juu. Toleo la 10, mwaka 2025, ni v3 kwenda juu. Ukijaribu kulianzisha kwenye mashine isiyofika, glibc inakwambia prosesa yako haifai, na safari inaishia hapo. Debian ilibaki na ngazi ya kwanza kwa biti 64, lakini toleo lake la 13, Agosti 2025, halina tena kisakinishi wala keneli kwa mashine za biti 32.

Siwalaumu kwa kila kitu. Kuhudumia mashine ya zamani ni kazi, na wanaoifanya ni watu wenye masaa yale yale tuliyo nayo. Ninachosema ni kwamba anayechagua ngazi anachagua watu pia. Na sisi tunafanya kosa lile lile kwa udogo wetu: ukikompili kwenye laptopu mpya kwa `-march=native`, umeiambia kompaila itumie kila agizo la prosesa yako. Peleka hiyo faili kwenye Core 2 Duo, itaanguka bila hata kueleza vizuri.

Kosa la tatu: mwongozo unajua, lakini unanong’ona

Baada ya kile kisa, niliamua kukompili glibc 2.35 mwenyewe kwenye ile Ubuntu 18.04, ila safari hii katika folda ya pembeni, chini ya /opt, bila kugusa ya mfumo. Msimbo chanzo uliobanwa hauzidi mega 20, kwa hiyo hata mega zangu zilitosha. Nikasoma mwongozo wa kusakinisha kama mtu anavyosoma barua ya korti.

Ni maandishi ya ukweli. Unaambiwa ukompili katika folda tofauti na ya msimbo chanzo. Unaambiwa usizime uboreshaji wa kompaila, juu bila huo glibc haijengeki. Unatajiwa zana zinazohitajika: kwa 2.35, GCC 6.2 ao zaidi. Hapo nikaona mnyororo: maktaba mpya inataka kompaila mpya, na kompaila mpya nayo inaweza kutaka maktaba mpya. Bahati nzuri, Ubuntu 18.04 iko na GCC 7.

Kuko pia chaguo `--enable-kernel`. Hili ndilo lenye funzo kubwa. Unataja keneli ya zamani zaidi utakayohudumia. Ukiweka namba ya juu, maktaba inaacha msimbo wa kusaidia keneli za zamani, inakuwa nyepesi kidogo. Lakini mwenye keneli ya chini ya hapo atapata jibu moja tu: keneli yako ni ya zamani mno. Usipotaja kitu, glibc za kuanzia 2.26 zinarudi hadi Linux 3.2, ya mwaka 2012. Namba moja, kwenye mstari mmoja, inaamua nani anaingia.

Na kuhusu kosa langu? Mwongozo unalijua. Unashauri anayebadilisha maktaba kuu ya mfumo aushushe mfumo mpaka hali ya mtumiaji mmoja, halafu auwashe upya, ili programu zisinyang’anywe maktaba zikiwa zinatembea. Ila onyo hilo liko ndani kabisa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na wenzake wanaojua tayari. Mwanafunzi wa Goma aliyefungua mwongozo saa tano usiku, betri ikiwa asilimia ishirini, hafiki hapo. Onyo linaloweza kuokoa mashine ningeliweka mlangoni.

Nitaje na jambo dogo linalouma kidogo. Wakati wa kukompili, nilifungua orodha ya lugha na nchi ambazo glibc inazijua kwa ajili ya tarehe, majina ya miezi na fedha. Kiswahili kimo: sw_KE kwa Kenya na sw_TZ kwa Tanzania. Nchi yetu nayo imo, kwa Kilingala: ln_CD. Kiswahili cha Kongo sikukiona. Lakini hapa siwezi kulaumu watunzaji. Faili hizo zinaandikwa na watu wanaojitolea kuzituma, na sisi hatujatuma. Mwenye wiki moja ya likizo na lugha ya mama yake anaweza kulimaliza hilo.

“Si mtumie musl?” na “Si msasishe?”

Najua hoja mbili zitakuja, nizijibu mapema.

Ya kwanza: kuko maktaba nyingine, musl, iliyoanza 2011, ambayo Alpine Linux inaitumia. Unaweza kukompili programu pamoja na maktaba yote ndani ya faili moja, isimtegemee yeyote. Kwa programu ndogo kama ya alama, hiyo ni dawa nzuri, na mimi sasa naitumia. Lakini ni dawa yenye masharti. Musl inafanya mambo machache kwa makusudi: upangaji wa herufi kufuata lugha hauna, na mpaka toleo 1.2.4 la mwaka 2023, ikitafuta majina ya seva kwenye intaneti haikuweza kurudia kwa TCP jibu likiwa kubwa. Na faili moja yenye kila kitu ndani iko na deni lake: maktaba ikigundulika na kasoro ya usalama, lazima ukompili upya na ubebe fleshi tena kwa kila shule.

Ya pili: sasisheni mifumo yenu, ya zamani ni hatari. Hii ni hoja nzito na sitaikwepa. Januari 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa GHOST. Ilikaa ndani ya glibc kuanzia 2.2 mpaka 2.17, na kwenye 2.18 ilikuwa imeshatengenezwa bila watu wengi kujua kwamba ilikuwa ya usalama. Waliobaki kwenye ya zamani ndio walikuwa hatarini. Lakini upya nao hauna kinga: Oktoba 2023 ilitangazwa kasoro ya Looney Tunables, ambayo iliingia na 2.34, ile ile iliyonifungia mlango shuleni. Kwa hiyo nakubali kwamba mashine iliyo kwenye intaneti isasishwe. Nakataa kwamba mashine ya shule isiyoona intaneti, yenye kazi ya kuhesabu alama, ihukumiwe kufa juu ya toleo la kazi ya kuanzishia programu.

Kosa la nne ni letu

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwanyooshea kidole watu wa mbali. Lakini ule usiku mimi ndiye niliyeharibu mashine, glibc ilikataa tu kwa adabu.

Tulifundishwa kuandika programu. Hatukufundishwa kuuliza itaishi wapi. Tunakompili kwenye mashine nzuri kuliko zote tulizo nazo, halafu tunaipeleka kwenye mbovu kuliko zote, na ikikataa tunasema “mashine yenu ni ya zamani.” Yaani tunamfanyia mama direkta kile kile tunacholaumu wakubwa wanatufanyia. Fundi anayejenga nyumba ya mbao hapa Mugunga anaangalia kwanza lava iliyo chini, halafu anakata mbao. Sisi tunakata mbao nyumbani halafu tunakasirikia mawe.

Njia ziko, na si ghali. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, nenda uandike pembeni: mfumo gani, `ldd --version` inasema nini, keneli gani, prosesa gani. Kompili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayohudumia, hata ukiuweka tu katika kontena ndani ya laptopu yako, juu ahadi ya glibc inalinda kutoka hapo kwenda juu. Ukimaliza, angalia kwa `objdump -T` ni alama gani za GLIBC programu yako inadai. Kubwa kuliko zote isizidi ile ya mashine ya mwisho. Ukihitaji glibc mpya kweli, ikae folda yake pembeni na programu iitwe kupitia kipakiaji cha folda hiyo hiyo, juu kipakiaji na maktaba lazima viwe vya toleo moja. Libc.so.6 ya mfumo usiiguse kwa mkono. Na kabla ya yote, nakala ya akiba. Hiyo haihitaji diplomi.

Programu ya shule niliikompili upya ndani ya Ubuntu 18.04 yenyewe. Kubwa kati ya alama zake ni ndogo kuliko 2.27, na inatembea pia kwenye laptopu yangu bila neno. Alama za miaka minne sasa ziko katika fleshi mbili, moja kwa mama direkta, moja kwa mwalimu mwingine. Siku ya kumkabidhi, alinitazama muda kidogo, akasema: “Sasa ufunguo uko na sisi.”

Hukumu yangu juu ya glibc ni hii: ni kazi nzuri, ya uaminifu, inayojua kukumbuka. Kilichobaki ni ijifunze kumngojea anayekuja nyuma. Mpaka siku hiyo, kumngojea ni kazi yetu sisi tunaokompili.

Kama kuko mmoja wenu aliyeshaanza kuandika faili ya Kiswahili cha Kongo, aniandikie. Tuifanye pamoja.